Mteja Amechagua

Machame, Ijumaa alasiri

Aikande mwanangu,

Barua ya kawaida ingeanza kwa kukuuliza hali, lakini hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko chumbani unafunga begi la kwenda chuo, unalifungua, unalifunga tena, na kila mara mama yako anakuletea kitu kingine cha kutia. Mambo ya neti, soksi, dawa za malaria na nani wa kumsalimu huko Mwanza ameshakueleza, na atakueleza upya kesho stendi kabla basi halijaondoka. Mimi hayo nayaacha. Naandika kwa kalamu, kwenye karatasi za kituo cha maziwa, kwa sababu ya swali uliloniuliza Jumanne nami nikakufokea badala ya kulijibu.

Nilikosea kukufokea. Nimeanza na hilo kwa kuwa ndilo rahisi.

Unakumbuka ilivyokuwa. Tulikuwa tumetoka mjini kwa Jitesh, fundi wa kompyuta, na laptopu yangu ambayo sasa ni yako. Ilikuwa imejaa hadi haipokei picha hata moja. Jitesh akaitoa diski yake, akatia nyingine kubwa mara nne ya ile, na kila kilichokuwamo kikahamia huko. Ulifurahi sana. Ulisema, "Baba, sasa kuna nafasi mpaka ya wajukuu wako." Tulipofika nyumbani ukaenda kutafuta kebo kwenye droo ya kabati langu, ukarudi na diski ya tatu, ya zamani kuliko zote, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Juu yake kuna kikaratasi alichobandika Jitesh, na mwandiko wake bado unasomeka. Ukausoma kwa sauti: "Haijahamishwa yote. Mteja amechagua." Ukacheka, ukaniuliza, "Baba, ulichagua nini?"

Nikasema kwa ukali weka hapo, usiguse vitu vya watu. Vitu vya watu, kwenye droo yangu, ndani ya nyumba yangu. Uliiweka mezani taratibu, ukatoka kuwapa ng'ombe maji, na hujauliza tena. Wewe ukinyamaza huwa unafikiri, hilo nalijua tangu ukiwa wa miaka minne. Kwa hiyo nakujibu sasa. Jibu ni refu kidogo, vumilia.

Unajua kazi yangu. Kila asubuhi watu wanapanga ndoo zao mbele yangu, nachovya kipimo, nasoma namba, na mwenye maziwa yaliyotiwa maji namwambia mbele ya wenzake arudi nayo nyumbani. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi bila kupaza sauti. Wamenizoea. Wengine wananiita Mzee Kipimo nikiwa sipo, na nikiwapo wananiamkia kwa heshima. Kwa sababu ya kazi hiyo, na kwa sababu nilikuwa wa kwanza katika ukoo kuwa na laptopu, wakanifanya katibu wa ukoo.

Nilipokuwa bado mgeni katika ukatibu, binamu zangu wawili waligombana juu ya mstari mmoja wa mibuni. Kila mmoja aliapa kwamba marehemu baba yao alimwambia yeye, sikioni, kwamba mibuni ile ni yake. Karibu wapigane makaburini. Katika kikao cha Desemba mwaka ule nilisimama nikapendekeza kwamba kuanzia sasa mzee akitaka kusema neno lake la mwisho kuhusu mali, arekodiwe kwa simu, video itunzwe na katibu, na lisilorekodiwa lisihesabike. Walinipigia makofi. Babu yako mwenyewe alisema, "Huyu kijana ametuokoa na waongo." Tangu hapo kila video ya ukoo iliishia kwenye laptopu yangu, na mimi nikajiona mtu muhimu sana.

Babu alipoanza kudhoofika, aliniita siku moja baada ya ibada. Alikuwa amekaa barazani, nje ya mlango, na koti lake zito, ingawa jua lilikuwa kali. Shangazi yako Ndeshi alikuwapo. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka Masama, ambako mume wake alioa mke mwingine akampa yeye masanduku mawili na nauli. Alikuwa amelala kwetu wiki tatu na ndiye aliyekuwa akimwogesha Babu, anamlisha, anambadilishia shuka. Mimi nilikuwa na ng'ombe na kituo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Babu aliniambia niwashe simu. Nikawasha. Akasema kihamba chote ni changu, migomba na kahawa na nyumba, kama desturi inavyosema kwa mtoto wa mwisho wa kiume. Baba zako wakubwa walishapewa vyao zamani kule juu. Kisha akasema kipande kilicho chini ya mfongo, ule mfereji wa wazee unaokata shamba letu, ni cha Ndeshi. Alisema, "Ajenge pale. Asiwe mgeni kwa baba yake." Akaniuliza kama nimesikia. Nikasema, "Nimesikia, Baba."

Nilikasirika, Aikande. Kwa nje sikuonyesha, ila nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Kipande kile nilikuwa nimekipalilia mimi peke yangu tangu niache shule, na kichwani mwangu kilikuwa kimeshapandwa majani ya ng'ombe na banda la pili limeshasimama. Niliweka simu mezani nikaingia ndani kunywa maji. Nikakaa huko muda, nikijifanya natafuta miwani.

Babu akafariki masika yalipokwisha. Video nilikuwa nimeshaihamishia kwenye laptopu, kwenye folda niliyoiita Babu Mwisho, na kwenye simu nikaifuta ili nipate nafasi. Hilo la kufuta kwenye simu lilikuwa la kawaida, nilifanya hivyo kwa video zote.

Miezi kadhaa baadaye nikanunua laptopu mpya, hii hii yako, iliyotumika kidogo. Ile ya kwanza ilikuwa inazimika yenyewe. Nikazipeleka zote mbili kwa Jitesh ili vitu vihame. Alikuwa bado kijana, anafanya kazi kwenye kona ya duka la baba yake, katikati ya majora ya vitambaa. Akafungua ile ya zamani kwa bisibisi, akaunganisha diski yake na laptopu mpya kwa waya, akaniuliza swali la kawaida ambalo nadhani huwauliza wateja wote: "Mzee, tunahamisha vyote au unachagua?"

Sikuwa nimepanga kitu. Nakuandikia ukweli ambao mimi mwenyewe nimeukagua mara nyingi, na kila nikiukagua naukuta hivyo hivyo. Niliingia dukani nikiwa mtu anayetaka kuhamisha vitu vyake. Swali ndilo lililonipa nafasi, nami nikasema, "Nitachagua."

Akanipa kiti. Akanionyesha jinsi ya kuweka alama kwenye folda ninazotaka. Nikaanza. Nikaweka alama kwenye picha za ubatizo wako. Nikaweka alama kwenye nyimbo za kwaya, kwenye hesabu za kituo, kwenye harusi ya mtu ambaye hata jina lake sikumbuki, tena harusi hiyo ilikuwamo mara tatu na mara zote tatu nikaiwekea alama. Nikahamisha mchezo wa karata uliokuja na kompyuta. Nilipofika kwenye Babu Mwisho nikaipita, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jirani bila kubisha hodi. Jitesh akabonyeza, mstari wa kijani ukaanza kujaa, na ulipojaa akaniambia, "Mzee, kuna folda moja imebaki." Nikamwambia hiyo haina kazi. Akaandika kikaratasi chake, akakibandika, akanipa diski mkononi.

Nilichoacha ni folda moja tu. Hilo ndilo jibu la swali lako, ila barua haijaisha.

Desemba ikafika. Watu wakapanda kutoka Dar, Arusha na Dodoma kama kawaida, magari yakajaa barabarani mpaka kanisani, ukoo ukakaa kikao baada ya Krismasi. Lilipofika jambo la kihamba cha Babu, nikasoma yaliyojulikana, kwamba kwa desturi chote ni changu. Shangazi yako akasimama. Hakuwa na desturi ya kusimama kwenye vikao, alikuwa amekaa nyuma na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi. Akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Baba aliniachia chini ya mfongo. Mdogo wangu Amini alikuwapo. Alimrekodi."

Mzee mmoja aliyekuwa akiongoza kikao akanigeukia. "Katibu, unayo?"

Nikasema, "Nilibadilisha kompyuta. Sio vyote vilivyohama."

Angalia sentensi hiyo. Hakuna neno la uongo ndani yake. Mtu akileta maziwa yaliyochanganywa hivyo, kipimo changu kitayapitisha.

Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Kila mmoja wao alishapoteza kitu kwenye simu. Mmoja akasema vifaa vya siku hizi si vya kuaminika. Mwingine akamwambia shangazi yako, kwa upole kabisa, "Binti, wewe kwenu ni Masama. Na sheria yetu unaijua, lisilorekodiwa halihesabiki." Sheria ambayo niliileta mimi. Dada yangu akanitazama. Nikawa naandika kumbukumbu za kikao, naandika kwa bidii kama mwanafunzi. Akasema, "Sawa. Kompyuta imeamua," akarudi kwenye ndizi zake. Baada ya mwaka mpya akahamia Shirimatunda, chumba kimoja cha kupanga, na kipande cha watu anacholima mboga.

Sasa nikuambie kilichofuata. Hakikufuata kitu. Sikuugua, ng'ombe hawakufa, majani niliyopanda chini ya mfongo yalistawi kuliko popote. Ng'ombe wa pili akaja, wa tatu akaja. Ada yako ya sekondari imetoka kwenye majani yale, na sare, na ile safari yenu ya shule. Nilikaa kanisani kwenye benchi langu na nililala usingizi vizuri. Kama nilikuwa nangoja kitu kinipige ili nijue nimekosa, hakikuja. Nakuambia hivyo kwa sababu utakwenda mahali ambapo karibu hakuna anayekujua, na unaweza kudhani kosa lina kengele yake. La kwangu halikuwa nayo. Lilikuwa tulivu na lilinipa maziwa.

Kilichokuwapo ni kidogo sana, karibu nione haya kukitaja. Shangazi yako aliendelea kuja Jumapili moja moja. Alikusuka nywele pale kwenye ngazi. Alikufundisha kupika kiburu cha ndizi na maharage kisichoshika chini. Hilo begi la laptopu unalolipakia sasa hivi amelinunua yeye, na alipolileta alinipa mimi nikupe, akasema, "Mtoto asijue ni la mtumba." Kila alipokuja, aliingia kwa njia ya juu. Njia ya chini, inayopita kwenye majani, ni fupi kwa mtu anayetoka barabarani na kila mtu huipita. Yeye alizunguka. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Nilichofanya ni kuhakikisha siko upande ule wa nyumba anapofika.

Na diski sikuitupa. Ningeweza kuivunja kwa nyundo, au kuitumbukiza chooni, na mambo yangeisha. Mara mbili niliitoa kwenye droo kwa nia hiyo. Sina maelezo mazuri ya kwa nini niliirudisha. Ningependa kusema dhamiri, lakini nadhani ni tabia tu ya katibu, siwezi kuharibu kumbukumbu.

Ukaja wewe Jumanne na swali lako.

Jumatano nilikuaga nikasema naenda kituoni, kumbe nilishuka mjini na ile diski mfukoni. Jitesh sasa ana duka lake mwenyewe na mvi mbili tatu. Aliisoma karatasi yake, akanitazama juu ya miwani. "Mzee, hii bado unayo? Imekaa sana bila kuzunguka, inaweza isiamke."

Nilitamani isiamke. Nakuandikia hilo pia. Nilisimama pale nikitazama waya ukiunganishwa, na moyoni nikasema kama imekufa, basi, nimejaribu, nitakuwa nimejaribu. Ikatoa mlio, tiki, tiki, ikanyamaza. Nikaanza kuona nafuu. Kisha ikaanza kuzunguka, na folda ikatokea kwenye kioo, moja, na jina lake vile vile nililoandika. Jitesh akauliza, "Hii tu?" Nikasema, "Hii tu." Akainakili kwenye fleshi mbili. Safari hii hakuuliza kama nachagua.

Sikuifungua. Nilidhani najua kilichomo.

Leo asubuhi, baada ya maziwa, nilichukua laptopu yako bila ruhusa, uliniona, nikakuambia naenda kuikagua betri. Nilikwenda Shirimatunda. Kabla ya kuondoka nilipita mpakani nikakata jani la isale. Unajua desturi yetu, anayekujia na jani hilo kuomba radhi huwezi kumfukuza, ukikataa wewe ndiye unakuwa mbaya mbele ya watu. Nililikunja nikalitia mfuko wa ndani wa koti. Nilijiona nimejiandaa vizuri.

Nilimkuta dada anamwagilia mchicha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza wewe umeshafunga mizigo. Akanipa stuli. Nikafungua laptopu juu ya ndoo iliyofunikwa ubao, nikamwambia, "Dada, ile video ya Baba ipo. Ilikuwapo siku zote. Niliiacha makusudi."

Akafuta mikono kwenye kanga, akakaa chini kwenye kizingiti, akasema, "Weka."

Nikaweka. Babu akatokea na koti lake. Akasema aliyoyasema, kihamba, mfongo, asiwe mgeni kwa baba yake, nikasikia sauti yangu ikijibu nimesikia. Dakika tatu hivi. Nikanyoosha mkono kuizima, kwa kuwa kwangu mimi ilikuwa imeisha. Dada akanishika mkono.

Ilikuwa haijaisha. Siku ile niliiweka simu mezani bila kuizima, nikaingia ndani kutafuta miwani yangu ya uongo, na simu ikaendelea kurekodi ikitazama dari la baraza. Huoni mtu. Unaona mbao na buibui mmoja. Lakini unasikia. Unasikia kijiko kwenye bakuli. Unasikia Babu akilalamika kwamba mtori hauna chumvi, dada akimwambia daktari amekataza chumvi, Babu akimuuliza daktari huyo mama yake ni nani. Wanacheka wote wawili. Anamwita kwa jina lake la utotoni ambalo mimi nilikuwa nimelisahau kabisa. Kisha anamwomba amwimbie ule wimbo wa jioni wa kanisani, naye anaimba polepole, Babu anaitikia sauti ya pili huku anakosea maneno. Inakwenda hivyo dakika kumi na moja, mpaka unasikia nyayo zangu zinarudi na video inakatika yenyewe, simu imejaa.

Nilikuwa na kitu hicho kwenye droo miaka yote hiyo na sikujua. Nilijua nimemwibia dada yangu kipande cha shamba. Wasiwasi wangu wote, hesabu zangu zote zilikuwa za shamba. Yeye simu yake ya wakati ule ilikuwa ya vitufe, picha ya baba yake aliyokuwa nayo ni ile ya kwenye karatasi ya mazishi.

Akasema, "Rudisha pale pa dari."

Nikarudisha. Akasikiliza tena yote. Mara ya tatu akairudisha mwenyewe, alishajifunza pa kubonyeza. Alilia kidogo, bila kelele, anafuta kwa kiganja na kuendelea kusikiliza. Mimi nililia pia, na sijui kama nilikuwa na haki hiyo.

Alipomaliza nikaingiza mkono ndani ya koti. Ncha ya jani ilikuwa imeshachungulia, ameiona. Akasema, "Hilo lirudishe, Amini. Ukinipa hilo mimi sina ruhusa ya kukataa. Unaniletea msamaha ulioandikwa tayari, niweke sahihi tu. Safari hii nataka kuchagua mwenyewe."

Nikalirudisha. Nikamuuliza nifanye nini.

"Desemba utasimama mbele ya ukoo useme. Useme wewe. Video usiionyeshe kwanza, maana ukiionyesha watu watamtazama Baba na wewe utapona. Sema kwa mdomo wako ulichofanya. Mimi nitakuwa kwenye ndizi. Nitasikiliza, halafu nitaona kama nalitaka hilo jani."

Nikasema sawa. Nikamwachia fleshi moja, ingawa hana pa kuichomeka. Alinisindikiza mpaka barabarani. Akasema kesho atakuwa stendi kukuaga, amekukaangia ndizi za njiani.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama yako. Alikuwa anakunja mashuka yako. Aliendelea kukunja, akamaliza lile alilolishika, akasema, "Kwa hiyo majani hayapo tena. Ng'ombe wawili waondoke." Akachukua jingine, akasema, "Ningependa ungeniambia kabla sijamwalika Ndeshi Krismasi zote zile." Hajaniambia neno jingine mpaka sasa. Nampa muda.

Kwako maana yake ni hii. Matumizi yako huko Mwanza yatakuwa madogo kuliko tulivyokuahidi. Sikuombi radhi kwa hilo, kwa sababu kilichokuwa kinakulisha hakikuwa changu kukugawia. Radhi ninayokuomba ni nyingine. Ni kwamba ulikula kwenye sahani hiyo kwa mikono ya shangazi yako mwenyewe, akikusuka nywele, na mimi nikawaangalia nyote wawili.

Folda ya Babu imo kwenye laptopu yako, pamoja na ubatizo wako, harusi ile mara tatu na mchezo wa karata. Sikuificha mahali. Ukipata nafasi, sikiliza dari. Sauti unayoisikia ikiimba ni ya shangazi yako akiwa bado na nyumba ya kurudi.

Sina ushauri mkubwa wa kukupa. Nilikuwa na aya moja nzuri kuhusu kuhama na vitu vyote, hata vinavyokuaibisha, nikaiona inanukia mimbari nikaichana. Ninachohitaji kwako ni kazi moja, na sina mtu mwingine wa kumpa.

Kesho stendi mkumbatie shangazi yako kama kawaida, usimwonyeshe kwamba unajua, acha akuage kwa furaha. Lakini Desemba rudi. Hata nauli ikiwa shida, niambie, nitauza kitu. Kikao kitakaa barazani kama siku zote, nami nitasimama. Najijua. Nimekuwa katibu muda mrefu, nina sentensi nyingi zisizo na uongo. Kaa mbele, mahali nitakapokuona. Ukinisikia naanza kusema habari za kompyuta, kohoa.

Baba yako,
Aminieli